Presha, Mishipa Midogo ya Ubongo na Usahaulifu wa Wazee: Mambo Ambayo Mlezi Anapaswa Kujua

Makala hii ni kwa ajili ya mama, binti, mkwe au mjukuu anayemtunza mzee nyumbani. Inaeleza aina moja ya ugonjwa wa kupungukiwa akili uzeeni, ambayo huanzia kwenye mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Aina hii ina jambo moja la kutia moyo: sehemu kubwa ya chanzo chake inaweza kuzuilika, na mara nyingi zuio lenyewe ni kipimo cha presha na kidonge cha kila siku.

Hapa Kingolwira, kama ilivyo sehemu nyingi za Morogoro, mzee akianza kubadilika husemwa mambo matatu. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema amekuwa mkaidi au mvivu. Na wengine, hasa mzee akiwa ni mwanamke anayeishi peke yake, huanza kunong'ona habari za uchawi. Maneno haya yote humchelewesha mzee kufika kituo cha afya, na hayo ya mwisho yanaweza kuhatarisha maisha yake. Ndiyo maana inafaa kuelewa kinachotokea ndani ya kichwa chake.

Ubongo una sehemu mbili

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Hiyo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna ghala la kuweka akiba. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache.

Ukiangalia ubongo kwa ndani, kuna sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe. Sehemu ya kijivu ndiko ziliko seli zinazofikiri, zinazokumbuka na kutoa amri. Sehemu nyeupe, ambayo ni karibu nusu ya ubongo, imejaa nyuzi ndefu zinazounganisha seli hizo. Kila uzi umevikwa ganda la mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoipa sehemu hii rangi nyeupe. Ganda hilo hufanya kazi kama plastiki inayofunika waya wa umeme: husaidia ujumbe kupita haraka bila kupotea njiani.

Kwa hiyo nyuzi nyeupe zikiharibika, seli za kufikiri zinaweza kuwa bado zipo, lakini mawasiliano kati yao ni mabovu. Mzee anajua anachotaka kusema, ila kinachelewa kutoka. Anajua kupika ugali, ila anachanganya kipi kinaanza na kipi kinafuata. Anataka kutembea, ila miguu haipokei amri kwa wakati.

Kwa nini sehemu nyeupe ndiyo inayoumia zaidi?

Wanaolima mboga Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, wanajua tabia ya maji ya mfereji. Maji yakipungua juu, tuta la kwanza kukauka ni lile la mwisho kabisa, kule mfereji unakoishia. Walio karibu na chanzo bado wanamwagilia.

Damu ya ubongo nayo iko hivyo. Sehemu nyeupe ya ndani hulishwa na mishipa mirefu na myembamba sana, mingi ikiwa myembamba kuliko uzi wa kushonea. Mishipa hiyo huishia huko ndani na haina njia za pembeni za kutosha za kusaidiana mmoja ukiziba. Hata kwa mtu mwenye afya njema, sehemu nyeupe hupata damu kidogo kuliko ile ya kijivu. Kwa hiyo mtiririko ukipungua, yenyewe ndiyo ya kwanza kuhisi njaa.

Kinachoharibu mishipa hiyo zaidi ni presha ya kupanda. Presha ikikaa juu miaka mingi, mambo manne hutokea:

- Kuta za mishipa midogo huwa nene na ngumu, na tundu la katikati hupungua.
- Mishipa hupoteza uwezo wa kupanuka na kusinyaa kulingana na mahitaji. Mzee akisimama ghafla, au presha ikishuka kwa sababu ya kuharisha au kukosa maji mwilini, damu haifiki ndani kama inavyopaswa.
- Kuta huanza kuvujisha vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye ubongo, na hivyo huwasha na kuharibu nyuzi.
- Baadhi ya mishipa huziba kabisa na kuacha vidonda vidogo. Hicho ni kiharusi kidogo, na mara nyingi mgonjwa hajui kama amekipata.

Kisukari, uvutaji wa sigara, mafuta mengi kwenye damu na magonjwa ya moyo huongeza uharibifu huo. Mtu mwenye presha na kisukari kwa pamoja yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Daktari Otto Binswanger aliwaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1894. Siku hizi uharibifu huo huonekana kwa kipimo cha MRI kama madoa meupe, na ukiwa mkubwa hata CT skani huuonyesha. Madoa machache kwa mtu wa miaka 70 si jambo la ajabu. Yakiwa mengi na kuungana, ndipo akili na mwendo huathirika.

Je, tatizo hili lipo kwetu?

Lipo. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walifuatilia vifo katika maeneo matatu ya Tanzania: Dar es Salaam, Hai mkoani Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa Morogoro Vijijini, kila mwaka kiharusi kiliua takriban wanaume 35 na wanawake 27 katika kila watu 100,000 wa umri wa miaka 15 hadi 64. Uingereza na Wales, mwaka 1993, idadi hiyo kwa umri huo ilikuwa karibu 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Maana yake, tangu wakati huo watu wetu wa vijijini, tena wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, walikuwa wakifa kwa kiharusi mara tatu hivi zaidi ya wenzao wa huko. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi.

Miaka ya 2009 na 2010, huko Hai, walichunguzwa wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, karibu wazee 6 katika kila 100 walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa akili kiasi cha kushindwa shughuli za kila siku. Kati ya hao, wapatao 4 katika kila 10 walikuwa na aina inayotokana na mishipa ya damu. Utafiti mwingine huko huko Hai ulikuta karibu wazee 7 katika kila 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na matibabu ya kutosha kuishusha.

Dalili za kuangalia

Wengi wanadhani demensia ni kusahau majina tu. Aina hii inayotokana na mishipa huanza kwa namna nyingine. Angalia yafuatayo:

- Kufikiri na kujibu polepole. Unauliza swali, unadhani hakusikia, kumbe bado anatafuta jibu.
- Kushindwa kupanga mambo yenye hatua nyingi: kupika, kuhesabu chenji, kupanga safari ya sokoni.
- Kusahau, lakini akikumbushwa kidogo anapata. Mwenye Alzheimer mara nyingi hata ukimkumbusha, jambo lenyewe halipo.
- Kutembea kwa hatua fupi za kuburuza, kana kwamba miguu imenata chini, na kuanguka mara kwa mara.
- Haja ndogo ya ghafla ambayo haisubiri afike chooni.
- Kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kukaa kimya siku nzima, au kulia na kucheka kwa jambo dogo.
- Hali kushuka kwa ngazi: anakaa vile vile miezi kadhaa, kisha anashuka ghafla, anatulia tena, anashuka tena. Wengine hushuka taratibu bila ngazi zinazoonekana.

Mzee mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja, ya mishipa na ya Alzheimer. Hilo ni la kawaida, hasa baada ya miaka 75.

Tafadhali zingatia hili: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usiseme ni demensia. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji au kiharusi. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mengi ya hayo yanatibika na akili hurudi.

Atapimwa nini kituoni?

Si lazima kuanza na MRI. Uchunguzi mzuri huanza na vitu vilivyopo zahanati: presha, sukari, wingi wa damu, mkojo, malaria na HIV. Macho na masikio pia yakaguliwe, maana mzee asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za kienyeji na zile za kununua dukani.

Kwa upande wa akili, kuna kipimo kifupi kiitwacho IDEA ambacho kilitengenezwa kwa kuwachunguza wazee wa Hai, ili hata asiyejua kusoma na kuandika apimwe kwa haki. Mzee huulizwa mambo ya siku na mahali, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hujaribu kukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti nne za kiberiti kwa mfano alioonyeshwa. Usimfanyie mtihani huu nyumbani mbele ya watu. Ataaibika, na atakataa kuja kliniki.

Mlezi ndiye shahidi mkuu. Andika au kariri: lini ulianza kuona mabadiliko, nini alikuwa anaweza mwaka jana ambacho leo hawezi, ameanguka mara ngapi, na kama aliwahi kupooza upande mmoja, hata kwa dakika chache. Inapohitajika atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, kwa hiyo uliza dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha kabla ya kurudi nyumbani kwa kukosa hela.

Matibabu: kuulinda ubongo uliobaki

Hakuna kidonge kinachorudisha nyuzi nyeupe zilizokufa. Anayekuuzia dawa ya kusafisha mishipa ya ubongo kwa wiki mbili anachukua pesa yako tu. Kinachowezekana ni kuzuia vidonda vipya, na hilo lina ushahidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT, wenye washiriki 9,361 wa miaka 50 na kuendelea, ulilinganisha makundi mawili. Kundi moja presha ya juu ilishushwa chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa kundi la kwanza lilikuwa na wagonjwa wapya wachache, kwa karibu asilimia 19, wa upungufu mdogo wa akili, ule unaotangulia demensia. Picha za MRI nazo zilionyesha madoa ya sehemu nyeupe yaliongezeka polepole zaidi kwao. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha. Washiriki hao walifuatiliwa kwa karibu na hawakuwa na kisukari wala historia ya kiharusi. Lengo la presha ya mzee wako litapangwa na anayemtibu, kulingana na umri na udhaifu wake.

Mambo ya kushika:

- Presha ya 140/90 au zaidi, ikipimwa zaidi ya mara moja, ni presha ya juu. Apimwe akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza.
- Dawa ya presha hunywewa kila siku, hata akijisikia mzima. Presha haiumi. Kuacha dawa kwa sababu kichwa hakiumi ndiko kunakoleta kiharusi.
- Usiongeze dozi mwenyewe. Presha ikishushwa kupita kiasi, sehemu nyeupe hukosa damu vile vile. Akipata kizunguzungu anaposimama, mrudishe kliniki apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama.
- Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Ukiona hivyo usimwachishe, rudi apewe dawa nyingine.
- Epuka kumpa diklofenaki na dawa za maumivu za aina hiyo kila siku. Zinapandisha presha na kuumiza figo.
- Usimwanzishie aspirini bila ushauri. Huwafaa waliowahi kupata kiharusi cha kuziba kwa mshipa au wenye magonjwa fulani ya moyo, lakini kwa wengine huleta kutokwa damu.
- Chumvi yote ya siku, ya kwenye mboga na ya mezani, isizidi kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5. Samaki wa chumvi na vikolezo vya dukani vihesabiwe humo. Mchicha, matembele na kunde viwepo kila siku.
- Aache sigara. Ugoro pia una nikotini, na bibi zetu wengi wanautumia.
- Atembee kila siku kadiri awezavyo, hata kama ni kuzunguka nyumba mara tano akiwa na fimbo.

Akili nayo inahitaji mazoezi. Huko Hai wazee wenye demensia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 ndani ya wiki 7, wakazungumza habari za zamani, wakaimba, wakacheza na kufanya kazi za mikono. Walionyesha nafuu ya akili na ya hali ya maisha. Nyumbani unaweza kufanya kitu kama hicho: mwombe achambue maharage mkiwa mnaongea, akutajie ukoo, akufundishe wimbo wa ngoma ya ujana wake.

Kumtunza nyumbani

Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kisha subiri. "Bibi, simama." Akishasimama: "Sasa twende tukaoge." Ukimpa maelekezo matatu kwa pamoja atakosa yote, na wewe utadhani anakudharau.

Weka taa na chombo cha haja karibu na kitanda usiku. Ondoa mikeka inayojikunja na madumu njiani. Asiachwe peke yake na moto wa kuni au mkaa. Kwa sisi tunaoishi jirani na barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, mzee anayetangatanga anaweza kugongwa, kwa hiyo waambie majirani na bodaboda wa kijiweni wanaomfahamu wamrudishe wakimwona njiani.

Waeleze pia watu kwa uwazi kuwa bibi ana ugonjwa wa mishipa ya ubongo. Ukisikia anatajwa kwa uchawi, usikae kimya. Mweleze mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa dini na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mapema.

Na wewe mlezi ni mtu. Kazi hii ikiachiwa mwanamke mmoja, ataugua yeye. Itisheni kikao cha familia, mgawane siku, fedha za dawa na safari za kliniki, wakiwemo wajomba na wale walioko mjini. Mtoto wa kike asiachishwe shule ili akae na bibi.

Kwa akina mama: ubongo wako unaanza kulindwa leo

Uharibifu wa sehemu nyeupe huanza miaka mingi kabla ya dalili. Presha ya mtu wa miaka 40 na 50 ndiyo inayoamua mengi ya miaka 70. Kwa hiyo unapomsindikiza mama yako kliniki, nyoosha mkono wako nawe upimwe.

Kama uliwahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, taarifa hii inakuhusu zaidi. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanawake zaidi ya milioni 1, ulikuta kuwa waliowahi kuwa na presha ya ujauzito yenye protini kwenye mkojo walipata demensia ya mishipa ya damu zaidi ya mara 3 ya wengine walipozeeka. Hiyo haina maana kwamba lazima utaugua. Ina maana usiache kupima presha baada ya kujifungua. Pima angalau mara moja kila mwaka maisha yako yote, na umwambie kila mhudumu wa afya kwamba uliwahi kuwa na hali hiyo.

Na kama una mtoto mwenye selimundu, jua kwamba yeye pia anaweza kupata viharusi vidogo vya kimyakimya kwenye sehemu nyeupe, bila kupooza. Dalili inaweza kuwa kushuka darasani au kushindwa kusikiliza maelekezo. Usimpige wala kumwita mzembe. Mpeleke kliniki ya selimundu, na uulize kuhusu kipimo cha mwendo wa damu ya kichwani na dawa ya hidroksiyurea.

Usisubiri, nenda hospitali sasa hivi ukiona:

- Uso umepinda upande mmoja.
- Mkono au mguu mmoja umelegea au umekufa ganzi.
- Maneno hayaeleweki, au haelewi unachosema.
- Kuona kumepotea ghafla, au kichwa kinauma vikali kuliko siku zote.
- Amechanganyikiwa ghafla, ana homa, au haamki vizuri.

Angalia saa na ukumbuke dalili zilianza lini, maana daktari atakuuliza. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza kabla hajaangaliwa, kwa sababu anaweza kupaliwa. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, bado mpeleke. Hilo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachoweza kuja ndani ya siku chache, na huo ndio wakati ambao matibabu yanaweza kumwokolea mzee akili yake na miguu yake.